Ukishavuka 40: kukimbia, vyuma vya jimu au ndoo ya maji? Na sahani je?

Mimi na wifi yangu tumepishana miezi saba tu. Mwaka juzi Kwaresma ilipoanza, wote wawili tulikuwa tunaelekea 48 na kilio chetu kilikuwa kimoja: magauni yanabana kiunoni, ngazi zinatuchosha, usingizi wa taabu. Yeye akaamua kupunguza chakula na kujiunga na klabu ya kukimbia alfajiri. Mimi goti langu la kulia halipatani na lami, nikaenda kwenye vyuma. Kufika Juni yeye alikuwa amepungua kilo 9, mimi 3. Mtaani kwetu Pasua, hapa Moshi, sifa zote zikawa zake, na alizistahili, maana alijinyima kweli.

Mwezi huohuo tulikuwa Uru kwa mama mkwe, kwenye shughuli ya kipaimara cha mjukuu. Tulikaa kwenye vigoda tangu saa moja asubuhi tukimenya ndizi za mtori. Mkungu wa mwisho ulipokwisha nikainuka kwenda kunawa. Wifi akaegemeza viganja magotini, akajisukuma, akarudi chini. Akajaribu tena, kisha akaninyooshea mkono. "Wifi, hebu nishike. Kukonda nimekonda, lakini nguvu nazo zimeondoka." Mama yake, mwenye miaka 74, alikuwa anapita nyuma yetu na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani.

Mimi ni fundi cherehani. Viuno vya watu navipima kila siku, na kila wiki kuna mteja wa umri wangu anayeniuliza afanye nini. Nimeamua kuandika, kwa sababu naona wengi wetu tunalinganisha njia hizi kwa kipimo kimoja tu, mizani, wakati mizani haikwambii kilichoondoka ni nini.

Kinachoondoka

Kuanzia miaka ya thelathini mwili huanza kupoteza misuli polepole, kiasi cha asilimia 3 hadi 8 kwa kila miaka kumi, na baada ya 60 kasi huongezeka. Ukipunguza chakula bila kufanya mazoezi ya nguvu, hata robo ya uzito unaokutoka inaweza kuwa misuli, si mafuta. Kwa sisi wanawake hedhi inapokoma homoni ya estrojeni hushuka, na mifupa nayo huanza kuwa myepesi. Misuli pia ndiyo ghala kubwa linalopokea sukari ya chakula kutoka kwenye damu. Kwa mwenye mama, baba au ndugu mwenye kisukari, hilo peke yake linatosha kumfanya aijali.

Kuna jibu ninalosikia sana: "Wazee wetu hawakwenda jimu na walikuwa na nguvu." Ni kweli hawakwenda. Lakini mtazame mama mkwe. Anashuka korongoni asubuhi, anakata majani, anayafunga, anachuchumaa, anayapandisha kichwani, anapanda nayo hadi bandani, maana ng'ombe wa kihambani, kwenye shamba la migomba linalozunguka nyumba, analetewa chakula zizini. Jioni anabeba mkungu wa ndizi. Vyuma amevinyanyua maisha yake yote bila kuviita hivyo. Mimi nakaa kwenye cherehani saa tisa, na kutoka kibandani hadi nyumbani napanda bodaboda. Kilo 25 za mchele ananipakulia kijana wa duka.

Kukimbia: unapata nini, unakosa nini

Nianze na sifa zake, maana ni nyingi. Moyo hupata nguvu, presha hushuka, usingizi huja, na unapata watu wa kukutania usipotokea. Hapa Moshi kukimbia kuna msukumo ambao miji mingi haina. Kilimanjaro Marathon hufanyika hapa tangu 2003, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, na ukipita barabarani Januari saa kumi na moja na nusu alfajiri utadhani mji mzima umehamia kwenye lami. Asiyeweza kilomita 42 ana 21, na asiyeweza 21 ana mbio za kujifurahisha za kilomita 5. Wifi alimaliza hizo 5 akilia kwa furaha, na nilikuwa pale uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika nikimpokea na maji.

Tatizo ni kinachofuata. Marathoni ikipita, masika yanaingia. Machi hadi Mei njia za mtaani ni tope, giza la alfajiri lina mvua, na klabu iliyokuwa na watu arobaini inabaki na sita. Wifi alikuwa miongoni mwa hao sita, namvulia kofia. Lakini hata asiyekosa siku moja, kukimbia hakumpi nguvu ya mabega, mgongo wala mikono, na mapaja yanazoea mzigo uleule wa mwili wake, ambao kadiri anavyokonda unazidi kuwa mwepesi. Uvumilivu unaongezeka. Nguvu ya kuinuka kwenye kigoda haiongezeki hivyohivyo.

Kutembea kwa kasi ni ndugu mpole wa kukimbia na magoti huyaonea huruma. Sisi tuna milima bure: ukipanda kutoka Rau kuelekea Uru, au njia ya Kibosho, nusu saa inatosha kukutoa jasho. Kushuka nako kunafanyisha mapaja kazi kubwa, kwa hiyo ukisikia yanauma kesho yake usishangae. Siku za kwanza panda kwa miguu, ushuke kwa daladala.

Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2020, linataka watu wazima wafanye dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na juu ya hizo wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli siku 2 au zaidi. Nusu ya kwanza ya ushauri huo kila mtu ameisikia. Ya pili ndiyo tunayoiruka.

Jimu na nyumbani

Hapa ndipo uchaguzi wenyewe ulipo, kwa maoni yangu, na hapa nitakaa.

Jimu inakupa vitu viwili ambavyo nyumbani ni vigumu kuvipata. Cha kwanza ni kuongeza mzigo kidogokidogo. Leo kilo 10, baada ya wiki mbili unachomeka sahani nyingine ndogo ya chuma, na misuli inalazimika kujenga. Bila kuongeza, mwili unazoea na kusimama palepale. Cha pili ni jicho la mtu anayejua, anayeona mgongo wako umepinda kabla wewe hujauhisi.

Lakini jicho hilo si lazima liwepo. Mahali nilipoanzia, kijana aliyekuwa zamu aliniwekea nondo begani siku ya kwanza kabisa. Hakuniuliza umri, presha wala goti. "Mama, usiogope, wewe shuka tu." Nilishuka. Mgongo uliniuma wiki mbili, na cherehani nikaikalia kwa mto. Nilikohamia baadaye, mwalimu alinianzisha na mpini wa fagio, wiki tatu nzima, nikijifunza kurudisha nyonga nyuma kama mtu anayetafuta kigoda gizani. Nilidhani ananipotezea hela. Sasa najua zile ndizo hela nilizozitumia vizuri kuliko zote. Kwa hiyo ukienda kuangalia jimu usihesabu mashine. Sikiliza kama mwalimu anakuuliza maswali kabla hajakupa chuma. Asipokuuliza, toka.

Gharama: mimi hulipa 2,000 kwa siku, mara mbili kwa wiki, na nauli juu. Mwezi unapita elfu ishirini. Si ndogo kwa kila mtu. Na kuna wanawake wa rika langu wanaoona haya kuingia chumba chenye vijana na muziki mkubwa. Siwabezi. Usipojisikia huru mahali, hutarudi, na mazoezi usiyoyarudia hayakujengi.

Nyumbani sasa. Watu hudhani ni njia ya mkato. Sikubali, kwa sababu ya jambo moja dogo: lita moja ya maji ni kilo moja. Ndoo ya lita 20 ukiijaza nusu una kilo 10. Wiki ya tatu ukiongeza lita 2 una 12. Ile faida kubwa ya jimu, mzigo unaopanda kwa kipimo, unayo uani kwako.

Baada ya kipaimara wifi aliniomba nimfundishe, akasema jimu hataki. Tukaanza Jumanne na Ijumaa jioni, yeye, ndoo na madumu mawili. Kwanza kukaa na kuinuka: kiti cha jikoni, mikono imekunjwa kifuani, anashuka kwa kuhesabu tatu, anagusa tu, anainuka. Alipoweza mara 12 kwa raundi tatu, tukampa dumu la lita 5 la kukumbatia. Pili, kuinua ndoo kutoka chini: miguu upana wa mabega, ndoo katikati ya nyayo, kifua mbele, nyonga nyuma, mgongo umenyooka, anaisukuma ardhi kwa visigino. Tatu, kusukuma ukuta kwa mikono. Ukuta ulipokuwa mwepesi akahamia kwenye meza imara, bado hajafika chini na hatuna haraka. Nne, kuvuta: mkono mmoja umeegemea kochi, mwingine unavuta dumu hadi ubavuni. Hili wengi wanalisahau, na ndilo linalomfaa zaidi anayeinamia cherehani, kompyuta au usukani mchana kutwa. Mwisho anabeba dumu mkono huu na huu, anatembea kutoka geti hadi kwenye karo na kurudi, mabega yamenyooka. Dakika 40, imekwisha.

Mara 8 hadi 12 kwa kila zoezi, raundi mbili au tatu. Acha pale unapohisi umebakiza mara mbili hivi ndani yako. Ukifika 12 kwa wepesi, ongeza lita. Ukifika 12 kwa wepesi na hujaongeza kwa mwezi mzima, unajifurahisha tu.

Pumzi ni lazima niiseme mbele ya wote. Toa pumzi unapoinua, usiizuie. Ukijikaza huku umebana pumzi presha hupanda ghafla, na kwa mwenye presha tayari hilo ni hatari. Anayetumia dawa za presha, aliyewahi kubanwa kifua, au anayepata kizunguzungu akipanda ngazi, amwone daktari kwanza, ndipo ashike ndoo.

Nikilinganisha moja kwa moja: kwa miezi sita ya kwanza sioni jimu ikiishinda ndoo, mradi kuna mtu wa kukutazama mgongo mara mbili tatu mwanzoni. Baada ya hapo miguu inakuwa na nguvu kuliko ndoo, na hapo chuma kinaanza kustahili nauli yake. Wapo wanaomwaga zege kwenye makopo ya rangi na kuunganisha kwa bomba. Vinafaa sana, ila vipime kwenye mizani ya dukani, maana kopo mbili zinazofanana zinaweza kupishana kilo mbili na ukainua upande.

Sahani: kupunguza au kupanga upya

Wifi alikula hivi miezi ile minne: asubuhi chai ya rangi na kipande cha muhogo, mchana ndizi za mchuzi na vipande viwili vya nyama, usiku tikiti na papai. Tulikaa siku moja na kalamu tukahesabu protini. Haikufika gramu 30. Kiwango cha chini kwa mtu mzima ni gramu 0.8 kwa kila kilo ya mwili. Kwa umri wetu, hasa anayefanya mazoezi, 1.0 hadi 1.2 ni bora zaidi, na wanaonyanyua vyuma kwa bidii wanafika 1.6. Yeye wakati ule alikuwa na kilo 69. Alikuwa anakula chini ya nusu ya anachohitaji, huku akikimbia. Mwili ulikwenda kujitafutia kwenye mapaja yake.

"Mbona niliambiwa matunda ndiyo afya?" aliniuliza, na sauti yake ilikuwa na uchungu. Matunda ni afya. Hayajengi misuli, basi.

Upangaji ninaoufuata mimi haukunilazimu kununua kitu kigeni. Asubuhi mayai mawili na glasi ya maziwa: yai moja lina gramu 6 hivi, glasi ya maziwa 8. Mchana maharage kikombe kizima yaliyopikwa, gramu 15 hivi, na ugali nusu ya ule wa zamani, na mchicha usio na aibu ya wingi. Usiku kiganja cha dagaa wakavu waliopikwa kwa nyanya, zaidi ya gramu 15, na mtindi. Ukijumlisha na kidogo kilichomo kwenye ugali na mboga, nafika 70 na ushee, na mwili wangu ni kilo 71. Nyama naila Jumapili, na nikiipata Jumatano siikatai. Gramu 100 za nyama iliyoiva zina 25 hivi.

Mtori ni chakula chetu na sitausema vibaya, ila tuujue: ndizi ni wanga, na mtori wenye vipande vitatu vya nyama kwenye sufuria ya watu wanane ni ndizi zenye harufu ya ng'ombe. Ongeza nyama, punguza ndizi, uwe mzito kwa kile unachokihitaji. Kiburu, yaani ndizi zilizopikwa pamoja na maharage, kina bahati kwa sababu ya maharage hayo. Makande nayo ni chakula cha heshima kuliko tunavyokichukulia. Mahindi yana upungufu wa laisini, kimojawapo cha vijenzi vya protini ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea, na maharage yanayo kwa wingi. Bibi zetu walivitia chungu kimoja bila kuambiwa na mtu.

Uzito unapungua kutoka wapi basi, kama sijinyimi? Kutoka kwenye mafuta ya kupikia kwanza. Kijiko kikubwa kimoja kina kalori 120 hivi, na mimi nilikuwa nikimimina kwa jicho. Kutoka kwenye sukari ya chai. Kwa mume wangu, kutoka kwenye bia, kwani chupa ya nusu lita ina kalori 200 hivi na hakuna anayekunywa moja. Mbege nayo ni pombe ya ndizi na ulezi, inashibisha, na watu huihesabu kama maji.

Kufunga kwa saa nyingi, ile ya kula mchana tu, inawapunguza wengine, nami siikatazi kwa mtu mzima mwenye afya. Ugumu wake ni kuingiza protini yote ya siku kwenye milo miwili. Anayetumia insulini au vidonge vya sukari asijaribu bila daktari wake, sukari inaweza kushuka hadi akaanguka. Na mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini kabla ya kuuliza hospitali.

Majani ya kukata tumbo sitayapa nafasi kubwa. Yenye sanamaki yanakuharisha, unapoteza maji, kesho maji yanarudi. Makopo ya unga wa protini si sumu, ila bei ya kopo moja inanunua mayai ya mwezi.

Uchague lipi

Kama una presha ya kupanda, hujazoea chochote na una nusu saa kila siku, anza na kutembea milimani, na baada ya mwezi ongeza ndoo siku mbili. Kama una saa mbili tu kwa wiki nzima, ziweke zote kwenye nguvu, na kutembea kufanye kuwe usafiri wako: shuka daladala vituo viwili kabla. Hedhi imekoma au inaelekea kukoma? Nguvu kwanza, bila mjadala, kwa ajili ya mifupa. Magoti yanauma? Kukaa na kuinuka kwenye kiti kirefu kuna faida kwako kuliko kukimbia, punguza urefu wa kiti polepole. Unapenda kukimbia na moyo wako uko huko? Kimbia, tena usiache, ila siku mbili za ndoo zisikose na sahani isiwe ya tikiti. Kama kazi yako ni ya kubeba tangu asubuhi hadi jioni sokoni Mbuyuni, hapo mimi ningetengeneza sahani tu na kulala mapema.

Badala ya mizani peke yake, tumia kiti. Kaa, mikono kifuani, inuka na kukaa kwa sekunde 30, hesabu. Andika namba na tarehe ukutani, rudia kila mwezi. Wifi alianza Julai na 8. Ukuta wa jiko lake sasa umefika 15, na kati ya zile kilo 9 alizopungua zimerudi 2. Alihuzunika alipoziona, nikachukua utepe wangu nikampima kiuno. Gauni la kipaimara limempwaya sentimita tatu, na Jumamosi nitalipunguza.